Wanawake Walioandika Habari za Maisha Yao

SOMO LA HISTORIA KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

(Maneno haya yalisomwa redioni. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena darasani pamoja na mwalimu wao.)

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: SHAJARA, KALAMU, USHAHIDI. Wanafunzi wayasome kwa sauti, kisha wayanakili katika madaftari yao. Maneno hayo ndiyo somo letu la leo.

1. SHAJARA NI NINI?

Shajara ni daftari ambamo mtu huandika mambo yake siku kwa siku. Haandiki kwa ajili ya serikali, wala kwa ajili ya gazeti. Huandika kwa ajili yake mwenyewe, au kwa ajili ya watoto wake. Pengine huandika maneno machache tu: leo mvua imenyesha, mtoto ana homa, nimemkopesha jirani debe moja la mahindi. Jambo kubwa laweza kukaa mstari mmoja na jambo dogo.

Kwa muda mrefu wataalamu wa historia hawakuyajali maandishi ya namna hii. Walipotaka kujua habari za kale, walisoma barua za magavana, hesabu za makampuni, hukumu za mahakama na vitabu vya wasafiri. Karibu yote hayo yaliandikwa na wanaume, na yalieleza mambo ya wanaume.

Chukueni mfano wa karibu, yaani dhahabu ya Geita. Tunajua kwamba dhahabu ilianza kuchimbwa huko kwa mashine katika miaka ya 1930, kwamba mgodi ulifungwa mwaka 1966, na kwamba mgodi mpya mkubwa ulifunguliwa mwaka 2000. Mambo hayo yameandikwa. Lakini ni nani aliyepika uji wa wachimbaji alfajiri? Ni nani aliyelima shamba nyumbani mume alipokwenda mgodini? Hata leo, mkifika katika machimbo ya wachimbaji wadogo, mtawaona wanawake wakiponda mawe kwa nyundo, wakiosha marudio, wakiuza chakula kando ya maduara. Kazi yao yaonekana na kila mtu. Lakini mtu akiandika historia ya machimbo baada ya miaka 50, atasoma wapi habari zao?

Hasa tangu miaka ya 1970, wanawake wasomi wa nchi nyingi walianza kuuliza swali hilo. Wakayatafuta madaftari, barua na masimulizi ya wanawake yaliyokuwa yametupwa sandukuni, wakayasoma kwa macho mapya. Usomaji huo huitwa usomaji wa kifeministi. Neno hili lisiwatishe. Maana yake ni kusoma huku ukiuliza: mwanamke huyu alikuwa na uwezo gani, alinyimwa nini, na kwa nini maneno yake hayakusikiwa? Si usomaji wa wanawake peke yao. Mwanamume aweza kuuliza maswali hayo vile vile, na historia ya mji wake itakuwa kamili zaidi.

2. DAFTARI LA MKUNGA

Tuanze mbali kidogo, kisha turudi kwetu. Katika mji wa Hallowell, huko Maine, Marekani, aliishi mkunga jina lake Martha Ballard. Tangu mwaka 1785 hadi 1812, mwaka aliokufa, aliandika shajara. Kwa muda wa miaka 27 aliandika karibu siku 10,000. Aliandika hali ya hewa, barafu ya mtoni, nani amejifungua, na amelipwa nini kwa kazi yake. Alizalisha mara 816, na kila mara aliweka alama katika daftari.

Watu waliosoma daftari hilo baadaye waliliona kuwa ni la mambo madogo madogo, halina faida kwa historia. Basi likakaa. Mwanamke mmoja mtaalamu wa historia, Laurel Thatcher Ulrich, alilisoma kwa miaka kadhaa, mstari kwa mstari. Mwaka 1990 alitoa kitabu juu yake, na mwaka 1991 kitabu hicho kilipata tuzo kubwa ya Pulitzer.

Je, aliona nini katika mambo hayo madogo? Kwanza, aliona kwamba mji ule ulikuwa na biashara mbili. Moja ilikuwa ya wanaume, ya mbao na mashine za kusaga, nayo iliandikwa katika vitabu vya hesabu. Nyingine ilikuwa ya wanawake: walifuma nguo, walibadilishana mboga na uzi, walikopeshana nguvu za mabinti zao. Hii ya pili haikuandikwa popote ila katika daftari la mkunga.

Pili, aliona kwamba daftari lilikuwa ushahidi. Mke wa mchungaji wa mji alimshitaki jaji mmoja kwamba alimbaka. Kabla ya kesi, mama huyo alikuwa amemweleza mkunga taabu zake, na mkunga aliziandika. Jaji aliachiliwa na mahakama. Lakini maneno ya yule mama hayakufa, kwa sababu mwanamke mwenzake aliyaweka kwa kalamu pamoja na tarehe.

Angalieni jambo hili vizuri. Martha Ballard hakuwa malkia wala mtu wa cheo. Alikuwa mkunga, aliyetembea usiku kwenda kuzalisha. Kila kijiji cha Usukuma kimekuwa na bibi wa namna hiyo. Tofauti ni moja tu: huyu wa Maine aliandika.

3. BINTI ALIYEANDIKA JUU YA MFUPA

Sasa turudi Afrika Mashariki. Mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, Unguja, alizaliwa Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mtumwa wa asili ya nchi ya Wacherkesi, karibu na Bahari Nyeusi. Katika nyumba ile wasichana walifundishwa kusoma Kurani, lakini hawakufundishwa kuandika. Kuandika ilikuwa kazi ya wavulana.

Salme hakukubali. Anatueleza yeye mwenyewe kwamba alichukua Msahafu na mfupa wa bega la ngamia, ambao watoto waliutumia badala ya kibao, akaanza kunakili herufi kwa siri, moja moja, bila mwalimu. Ninyi wanafunzi wetu mnajua kazi hiyo. Mnajua jinsi vidole vinavyokuwa vigumu, na jinsi herufi inavyokataa kukaa juu ya mstari. Binti wa Sultani naye alipita njia hiyo hiyo.

Kalamu ilimletea jambo kubwa upesi. Baba yake alikufa mwaka 1856. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao Majid aliyetawala Unguja. Salme alikuwa na umri wa miaka 15 hivi. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa karani wa njama hiyo. Yeye ndiye aliyeandika barua za siri. Njama ilishindwa, na Barghash alipelekwa Bombay. Salme hakuificha kazi hiyo katika kitabu chake. Basi tusifikiri kwamba elimu ilimpa Salme raha tupu. Ilimpa nguvu, na nguvu ina hatari zake.

Baadaye alipendana na mfanya biashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Akapata mimba, na maisha yake yakawa hatarini. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza. Mwaka 1867, huko Aden, alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa, akaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume wake aligongwa na tramu akafa. Salme akabaki mjane katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo, mbali na ndugu zake.

Hapo ndipo alipoanza kuandika. Katika dibaji ya kitabu chake asema kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, maana hawakujua habari za asili yake ila kidogo sana, naye alikuwa amechoka mwili na roho, hakutumaini kuishi mpaka wawe watu wazima. Miaka kadhaa baadaye, mwaka 1886, maandishi hayo yalitolewa kuwa kitabu mjini Berlin. Kitabu hicho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa ambavyo mwanamke wa Afrika Mashariki alieleza humo maisha yake mwenyewe na kuvipiga chapa. Salme alikufa mwaka 1924 huko Jena, Ujerumani.

Tena aliacha maandishi mengine. Ni barua ndefu kwa rafiki wa Unguja asiyetajwa jina, ambazo hakuzipeleka. Zilitolewa kuwa kitabu cha Kiingereza mwaka 1993, karibu miaka 70 baada ya kifo chake. Sasa linganisheni maandishi haya mawili. Katika kitabu cha 1886 anaeleza kwa upana maisha ya jumba la Sultani, harusi, vyakula, magonjwa na michezo ya watoto. Lakini mapenzi yake na kutoroka kwake anavipita haraka sana. Katika barua anaeleza taabu za Ujerumani: upweke, ukosefu wa fedha, na mashaka ya moyo wake juu ya dini aliyoiacha na dini aliyoiingia. Mwanamke ni yule yule. Lakini mbele ya umma alisema maneno mengine, na mbele ya rafiki maneno mengine. Ndiyo maana msomaji hana budi kuuliza kila mara: anamwandikia nani?

4. KUSOMA KWA HAKI

Wasomi wengi wa mambo ya wanawake wanampenda Salme. Aliwaambia Wazungu wazi wazi kwamba hawayajui maisha ya wanawake wa Unguja, na kwamba wanayoandika juu yao ni hadithi. Alidai urithi wake bila kuona haya. Mwaka 1885 na mwaka 1888 alirudi Unguja kudai mali kwa ndugu zake, naye hakupata alichodai. Serikali ya Ujerumani nayo ilimtumia ilipotaka kumtisha Sultani, kisha ikamwacha.

Lakini kusoma kwa haki si kusifu tu. Katika kitabu hicho hicho Salme aliutetea utumwa wa Unguja. Alisema kwamba hali ya watumwa haikuwa mbaya kama Wazungu walivyodai. Na hapo sisi watu wa bara tunapaswa kusimama kidogo. Utajiri wa majumba yale ulitoka wapi? Ulitoka katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na katika pembe za ndovu zilizobebwa vichwani na mabegani kutoka bara. Misafara ilipita Tabora na kufika Usukuma. Wanyamwezi na Wasukuma walibeba mizigo hiyo mpaka pwani. Wengine walikwenda kwa mshahara. Wengine, waliotekwa mbali zaidi, walikwenda kwa kamba shingoni.

Basi, mwanamke aliyenyimwa kalamu aliweza pia kuwa mwanamke mwenye watumwa. Yote mawili ni kweli, wala moja haliliondoi lingine. Ukisoma taabu za Salme, usiache kuuliza juu ya mwanamke aliyekuwa akifagia chumba chake wakati yeye akinakili herufi. Yule hakuacha mfupa wala karatasi.

5. KALAMU MKONONI MWA MWINGINE

Je, wanawake wasiojua kuandika hawana historia? Wanayo, lakini imeshikwa na mkono wa mtu mwingine.

Upande wa Mbeya, kusini-magharibi mwa Tanzania, aliishi mmisionari Mjerumani wa Kimoravian, Elise Kootz-Kretschmer. Aliwasikiliza wanawake wazee waliopitia siku za utumwa katika karne ya 19, akaandika masimulizi yao. Mmoja wao aliitwa Narwimba. Mume wake alipokufa, Narwimba alijua kwamba mwanamke asiye na mlinzi ataweza kukamatwa na kuuzwa pamoja na watoto wake. Basi yeye mwenyewe alimwomba ndugu wa marehemu amwoe, apate kinga. Mwaka 1993 mtaalamu wa historia Marcia Wright alitoa kitabu juu ya wanawake hao, akaonyesha kwamba hawakuwa mizigo ya kubebwa huku na huku tu. Walifikiri, walipima hatari, walichagua njia iliyokuwa na madhara machache zaidi.

Walakini kalamu ilikuwa mkononi mwa mmisionari. Yeye alipenda habari inayomalizika kanisani kwa amani. Kwa hiyo tunaposoma, tunasikia sauti mbili pamoja, ya bibi msimulizi na ya mwandishi, na kazi yetu ni kujaribu kuzitofautisha.

Hata mwanamke ajuaye kuandika sana aweza kuchaguliwa maneno na mtu mwingine. Virginia Woolf, mwandishi maarufu wa Uingereza, aliandika shajara kwa miaka mingi mpaka kifo chake mwaka 1941. Mwaka 1953 mume wake, Leonard Woolf, alitoa kitabu cha sehemu alizozichagua, zile zinazohusu kazi ya uandishi. Shajara nzima ilitolewa kwa majuzuu matano, tangu mwaka 1977 hadi 1984. Wasomaji walipoipata nzima walimwona mtu mpana zaidi: mgonjwa, mcheshi, mwenye wivu, mwenye watumishi wa nyumbani aliogombana nao. Kila mara ulizeni: sehemu hii imechaguliwa na nani, na iliyoachwa iko wapi?

Kwetu Tanzania kuna mfano mzuri wa sauti iliyonaswa. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akafa mwaka 2000. Mwaka 1955 alianza kuongoza wanawake wa TANU. Vitabu vya kwanza vya historia ya Uhuru vilisema zaidi juu ya wanaume waliosoma shule za misheni. Mtaalamu kutoka Marekani, Susan Geiger, alikaa na Bibi Titi mwaka 1984 akanasa masimulizi yake, akawasikiliza pia wanawake wengine, wakiwamo wa Mwanza. Kitabu chake kilitoka mwaka 1997. Ndipo ikaonekana wazi kwamba vikundi vya ngoma vya wanawake, wauza maandazi na wapika pombe ndio walioeneza chama mitaani, wakakusanya fedha, wakaficha kadi. Na hapa kwetu hilo lilikuwa jambo zito, kwa kuwa katika Usukuma TANU ilikatazwa kufanya kazi tangu mwaka 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita waliandamana mpaka Mwanza kupinga baraza la wilaya walilolazimishwa.

Mwaka 2007 wasomi wa Afrika Mashariki, wakiwamo Amandina Lihamba, Saida Yahya-Othman na Mugyabuso Mulokozi, walitoa mkusanyo mkubwa wa maneno ya wanawake wa sehemu hii ya Afrika. Hawakuweka hadithi za vitabuni peke yake. Waliweka nyimbo, barua na madai, kwa sababu walijua kwamba mwanamke asiye na daftari huimba, hulia msibani, au husema mbele ya baraza, na hayo pia ni maandiko yake.

6. KALAMU KATIKA MIKOA YA ZIWA

Sasa tutazame madarasa yetu wenyewe. Mwaka 1968 mpango wa kisomo chenye manufaa ulianza katika mikoa ya Ziwa, kwa msaada wa UNESCO: Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi na Shinyanga. Geita wakati ule ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Ilifanywa mkoa mwaka 2012. Watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya kilimo cha pamba, cha migomba, cha ufugaji na uvuvi. Mwaka 1970 Rais Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wanawake walijaa madarasani, wengi wakiwa na watoto mgongoni.

Vitabu vile vilifundisha jinsi ya kupanda pamba kwa mistari na kupima mbolea. Vilikuwa vitabu vyema. Lakini mtu ajuaye kusoma juu ya pamba anaweza pia kuandika: mwaka huu nimelima pamba mimi, nani amepokea fedha? Swali hilo halikuwamo kitabuni, bali kalamu ilikuwa mkononi.

Msidhani kwamba hili ni jambo la moyo tu. Ni jambo la nyumba na shamba. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili waliokuwa chini ya mila za Kisukuma walifukuzwa na wakwe katika nyumba walizoishi na waume zao. Wakapeleka habari zao kwa maandishi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mila hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya maandishi katika hati ya mahakama, ambayo haikuwa kosa lao. Wakaenda mbele zaidi, kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia kuondolewa kwa ubaguzi dhidi ya wanawake. Mwaka 2015 Kamati iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, ikaitaka serikali iwalipe fidia na kubadili sheria.

Tazameni njia hiyo ndefu. Ilianza na mwanamke aliyesema: nilioelewa fulani, tulijenga nyumba, nilifanya kazi hii, nikatolewa siku hii. Salme alidai urithi Unguja kwa kalamu yake katika karne ya 19, na wajane hawa walidai katika karne ya 21. Kati yao kuna zaidi ya miaka 100.

7. MASWALI YA KUSHIKA UNAPOSOMA

Ukipata barua ya zamani ya mama yako, au daftari la bibi, au kitabu cha maisha ya mwanamke, shika maswali haya:

Kwanza, ni nani aliyeshika kalamu: yeye mwenyewe au mwingine?
Pili, alimwandikia nani: watoto, rafiki, mahakama, au nafsi yake?
Tatu, ni kazi gani ndogo zimetajwa, na nani alizilipa?
Nne, amenyamaza wapi? Mtu hunyamaza kwa haya, kwa hofu, au kwa sababu jambo hilo ni la kawaida mno kwake.
Tano, ni nani amekosekana: mtumwa, mtumishi, mke mwenza, mtoto wa kike?
Sita, ni nani aliyechagua sehemu zilizobaki?

Kuna na neno la tahadhari. Shajara ya mtu aliye hai ni siri yake. Haisomwi bila ruhusa, hata na mume, hata na mama. Na mwanamke akikuambia kwamba daftari hili lichomwe akifa, hilo ni agizo lake, si mchezo. Historia haimpi mtu ruhusa ya kufungua sanduku la mwenzake.

Tena, shajara si Msahafu. Mwandishi aweza kukosea, kusahau, au kujipendelea. Kwa hiyo ilinganisheni na maneno ya watu wengine, kama vile mnavyolinganisha mizani mbili sokoni mkitia shaka.

8. KAZI YA JUMA HILI

Kila mwanafunzi atafute daftari dogo. Kwa siku saba aandike mistari mitatu kila jioni. Mstari wa kwanza uwe tarehe, kwa siku, mwezi na mwaka. Mstari wa pili uwe kazi aliyoifanya: nimepalilia, nimeponda mawe, nimechota maji mara tano, nimepika kwa watu tisa. Mstari wa tatu uwe fedha au mali iliyoingia au kutoka, na jina la aliyepokea. Asiyeweza kuandika mistari mitatu aandike mmoja. Akina baba nao waandike, kisha walinganishe, kwa hiari yao, na madaftari ya wake zao. Mabishano yatakuwapo, bila shaka. Mwalimu asiyazuie, ila asimamie adabu.

Mwalimu pia amwalike bibi mmoja mzee wa kijiji, ikiwa atakubali, aje asimulie miaka ya ujana wake: njaa aliyoiona, ngoma alizocheza, mgodi au shamba alilofanyia kazi. Wanafunzi waandike maneno yake kama alivyoyasema. Akisema Kisukuma, waandike Kisukuma. Kisha wamsomee alichosema, naye asahihishe. Karatasi hiyo ibaki kwake, si kwa mwalimu.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini watu wa kwanza waliosoma daftari la Martha Ballard waliliona halina faida?
2. Salme alijifunzaje kuandika? Kalamu ilimsaidia wapi, na ilimtia hatarini wapi?
3. Kwa nini kitabu cha Salme na barua zake havisemi mambo yale yale?
4. Ni nani waliokosekana katika kitabu chake? Wangesema nini?
5. Katika kijiji chenu, ni kazi gani za wanawake ambazo hazijaandikwa popote?

MANENO MAPYA

Shajara: daftari la habari za kila siku.
Dibaji: maneno ya mwandishi mwanzoni mwa kitabu.
Njama: mpango wa siri wa watu wengi.
Juzuu: kitabu kimoja katika mfululizo wa vitabu.
Rufaa: kupeleka kesi mahakama ya juu zaidi.

Ndugu wasikilizaji, wakati wetu umekwisha. Andikeni, msiogope makosa ya herufi. Mwalimu yupo kuyasahihisha. Kwa herini.